Kukadiria maji ambayo shamba la hei linaupunguzia mto

Shamba la hei, yaani majani yanayokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo, huchota maji mtoni kwa mfereji. Maji yanayoingia mferejini si sawa na maji yanayopotea mtoni. Sehemu yake hupenya ardhini na kurudi mtoni huko chini. Yanayopotea moja kwa moja ni yale yanayonywewa na majani na kukaushwa na jua. Ugomvi mwingi kati ya wenye malisho na wakulima wa chini huanzia hapo, kila upande ukitaja namba yake.

Ukiwa Dodoma, pima kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekwisha kabisa. Mto wa mchanga kama Kinyasungwe haufai kwa njia hii wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji yaliyobaki hupita chini ya mchanga. Tafuta kijito cha chemchemi kinachotiririka juu ya ardhi, mfano vile vya milimani upande wa Mpwapwa.

Kwenye mfereji, mita chache chini ya banio (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni), weka ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90. Unyooshe kwa pima maji, kile kifaa cha fundi ujenzi, kisha ziba pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi. Kina cha maji juu ya ncha ya V kikiwa sentimita 20, zinapita lita 25 kwa sekunde. Rula isimame upande wa juu wa ubao, maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, sifuri yake ikilingana na ncha ya V. Ukipima pale pale kwenye mkato, maji yameshainama: utasoma 18, na hesabu itakupa lita 19. Sentimita mbili tu zimekula robo ya maji!

Sasa matumizi ya majani. Chukua kiwango cha uvukizaji wa rejea, yaani maji ambayo nyasi fupi zenye maji ya kutosha hupoteza kwa siku, kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Tuseme milimita 6 kwa siku. Ukiwa na kipimo cha sufuria ya uvukizaji (chombo cha wazi kinachopimwa maji yake yamepungua kiasi gani kwa siku), kizidishe kwanza kwa 0.7. Kisha zidisha kwa kigezo cha zao, namba inayolinganisha matumizi ya zao lako na kiwango cha rejea. Nyasi zilizokatwa jana hutumia karibu nusu ya kiwango cha rejea, zilizokomaa hukaribia kiwango chote, hivyo kwa mzunguko mzima, toka kukata hadi kukata tena, 0.9 inatosha. Unapata milimita 5.4. Milimita moja kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta 20 zinatumia mita za ujazo 1,080 kwa siku. Gawanya kwa 86.4 ili kugeuza mita za ujazo kwa siku kuwa lita kwa sekunde: lita 12.5 kwa sekunde.

Hapo mfereji unachukua 25, majani yanakula 12.5. Nusu iliyobaki usiihesabu yote kuwa imerudi. Magugu ya kingo za mfereji hunywa, madimbwi hukauka, na maji yanayopita ardhini yanaweza kufika mtoni baada ya wiki kadhaa. Pima mto juu ya banio na tena chini ya shamba, lakini kwa tahadhari. Chupa inayoelea umbali wa mita 10, kasi yake ikizidishwa kwa 0.85 na kwa eneo la mkato wa mto (upana mara kina cha wastani), inaweza kukosea kwa asilimia 15 au zaidi. Kwenye mto wa lita 60 kwa sekunde hiyo ni lita 9, karibu sawa na unachokitafuta. Ndiyo maana hesabu ya majani huaminika kuliko tofauti ya vipimo viwili vya mto.

Toa pia maji ambayo ardhi hiyo ingetumia bila mfereji. Juu mlimani nyasi za asili zimekauka, karibu hakuna cha kutoa. Bondeni, penye maji ya ardhini karibu, matete yangekunywa vilevile, na upungufu halisi ni mdogo kuliko 12.5.

Mfereji ukifunguliwa siku tatu kwa wiki, wastani wa uchukuaji ni lita 10.7, ila mkulima wa chini siku hizo tatu anakosa 25 kamili. Andika namba zote mbili. Kibali cha maji cha bodi ya bonde hutaja kiasi cha kuchukua, si kile majani yanachokunywa.