Uvimbe maji wa shingoni: jinsi ya kuusoma kwa ultrasaundi

Hatua hizi nimeziandika baada ya kumwelekeza mwenzangu anayeanza kazi ya ultrasaundi. Zinahusu vifuko vya maji ambavyo mtu huzaliwa navyo. Si saratani, ila vingine hukaa kimya hadi ukubwani.

1. Mgonjwa alale chali, mto chini ya mabega. Chukua probu (kishikio kinachopitishwa juu ya ngozi) bapa ya masafa ya juu, MHz 7 hadi 15. Ile ya tumbo iache kabisa.

2. Mahali. Uvimbe ukiwa katikati ya shingo, usawa wa hayoidi (mfupa mdogo ulio juu ya koromeo) au chini yake kidogo, anza na thairoglosali, yaani kifuko kilichobaki kwenye njia ambayo tezi ya thairoidi ilishukia shingoni kabla ya kuzaliwa. Mgonjwa akitoa ulimi, uvimbe huo hupanda. Kichanga mwenye uvimbe laini wa vyumba vingi nyuma ubavuni mwa shingo, fikiria uvimbe wa mishipa ya limfu. Ukiona chini ya ulimi vidonge vya mafuta vimejazana kama gololi kwenye mfuko, hiyo ni dermoidi, kifuko chenye ukuta kama wa ngozi.

3. Ni maji kweli? Maji mazito huonekana kama nyama. Tazama mng'ao nyuma ya uvimbe, bonyeza taratibu uone chembe zikizunguka, kisha washa Dopla, inayoonyesha damu ikipita. Ndani hapapiti damu.

4. Itafute thairoidi. Uvimbe wa katikati usiuandikie ripoti kabla hujaiona thairoidi mahali pake. Wapo watu ambao thairoidi yao yote ni ile iliyokwama njiani. Ikikatwa, hawabaki na kitu. Thairoidi ikiwa ipo mahali pake, daktari wa upasuaji atafanya operesheni ya Sistrunk, inayojulikana tangu 1920. Huondoa na kipande cha kati cha hayoidi, kwa kuwa kifuko kikitolewa peke yake uvimbe hurudi mara nyingi.

5. Uvimbe wa ubavuni. Hapa nenda polepole. Uvimbe wa brankia (kifuko kilichobaki kutoka matao ya shingo ya mimba) wa kawaida hukaa mbele ya msuli mkubwa wa shingo, nyuma ya tezi ya mate ya chini ya taya, nje ya karotidi, mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Kijana mwenye ukuta mwembamba na maji matupu, sawa, andika brankia. Lakini mgonjwa akishavuka miaka 40, mimi sikubali jina hilo liandikwe peke yake. Mtoki wenye saratani iliyotoka kwenye tonsili, shina la ulimi au thairoidi unaweza kuoza ndani ukabaki kifuko cha maji, na picha zikafanana. Pekua ukuta wote: kinundu chenye damu, unene wa upande mmoja, chembe nyeupe za chokaa. Pitia thairoidi nzima, kisha mitoki ya pande zote mbili. Mitoki iliyogandana yenye usaha hukumbusha kifua kikuu, nacho huku kwetu ni cha kawaida. Sindano ikirudisha maji yasiyo na seli za saratani, usitulie; kwenye vifuko hivi majibu ya namna hiyo hupotosha. Omba sindano irudiwe, safari hii ikiongozwa na picha hadi kwenye ukuta wenyewe, na mgonjwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo achunguzwe tonsili.

6. CT na MRI. Mtoto mwenye uvimbe wa katikati usioleta mashaka simpeleki CT (picha za eksirei za vipande); mionzi ya nini? CT au MRI (picha za sumaku) ni kwa uvimbe ambao mwisho wake huuoni, au unaozama kifuani au kooni. Dermoidi ya katikati ya pua inahitaji MRI kabla ya sindano yoyote, kwa sababu inaweza kuwa na njia inayoingia hadi ndani ya fuvu.