Maji ya Tangi la Samaki: Usiyamwage Yote

Wateja wangu wengi hapa Dar wakiona maji ya tangi yamechafuka humwaga yote, wakasugua kioo kwa sabuni, kisha wanashangaa samaki wanakufa keshokutwa yake. Jamani, sabuni isiguse tangi kabisa.

Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi zaidi kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, halafu nitrati, ambayo ina nafuu. Ukiosha sponji hiyo bombani, klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, inawaua hao bakteria. Mimi huikamua ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa tangini humohumo. Tope la kahawia likitoka, naikamua tena mara mbili tatu, nairudisha. Isitakate sana.

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, huku ukifyonza uchafu ulio chini ya changarawe. Maji mapya yakae kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 klorini ipungue, na joto lake likaribiane na la tangini.

Tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, yaani hao bakteria kuzaliana vya kutosha, kwa hiyo anza na samaki wawili watatu tu. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. (Hapo watoto wa nyumbani ndio hunishinda.)

Ukiwakuta wanahema juujuu ya maji, usingoje wiki iishe: badilisha robo siku hiyohiyo, na pampu ya hewa iwake usiku kucha.