Kukusanya Riwaya za Toleo la Kwanza Zenye Saini, Ukiwa Mombasa

Kabla ya kuuliza bei, fungua ukurasa wa hakimiliki, kwa kuwa saini huweza kutiwa kwenye nakala yoyote, hata ya chapa ya ishirini. Maneno "ilitolewa mara ya kwanza 1994" peke yake hayatoshi, maana hubaki palepale kitabu kinaporudiwa kuchapwa. Tazama mstari wa tarakimu: wachapishaji wengi wa Uingereza na Marekani huanza na 1 hadi 10, kisha hufuta iliyo ndogo kila wanapochapa upya, kwa hiyo ukiiona 1, popote ilipowekwa katika mstari huo, umeshika chapa ya kwanza. Vitabu vingi vya Kiswahili huorodhesha chapa kwa miaka, jambo linalopunguza kazi.

Kwa msomaji wa pwani, Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Zanzibar, ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa Tuzo ya Nobel ya 2021 ilipandisha bei za matoleo yake ya awali. Kitabu cha jalada gumu kikiwa kimevuliwa ganda lake la karatasi hupoteza sehemu kubwa ya thamani.

Saini ya kweli iangalie kwa kioo cha kukuzia: kalamu huacha mkwaruzo au wino unaozama katika nyuzi za karatasi, ilhali saini iliyopigwa chapa huwa bapa. Ukikutana na mwandishi, mwombe atie saini kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Wauzaji hupendelea saini tupu. Mimi hupenda jina langu liandikwe pia, kwani sikusanyi ili niuze.

Lakini Mombasa taabu hasa ni unyevu. Nakala yangu ya kwanza niliifunga kwa nailoni kabla ya masika, nikaiweka katika kabati lililoegemea ukuta wa mawe, nikiamini nimeihifadhi. Nilipoifungua mwezi wa Juni, ukungu wa kijivu ulikuwa umeota kwenye uti wa kitabu, na harufu yake haijatoka hadi leo. Nailoni ilikuwa imefungia unyevu ndani. Siku hizi husogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hupanga vitabu bila kuvibana, na hufungua milango yake asubuhi kavu za kaskazi. Ukungu ukitokea, kaushia kitabu kivulini penye upepo, kisha upanguse kwa brashi laini nje ya nyumba. Usikianike juani, kwa sababu jua hufifisha wino wa saini.