Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Akiba ya Bidhaa za Kubadilishana Wakati wa Dharura

Kabla ya kununua hata kiberiti kimoja kwa nia ya kuja kukibadilisha kwa kitu kingine siku ya dharura, kagua kwanza mahitaji ya nyumba yako mwenyewe. Maji yanakadiriwa kuwa lita 4 hivi kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kwa usafi wa lazima. Chakula, dawa za mwenye maradhi ya kudumu, mwanga na njia ya kupikia navyo vihesabiwe siku kwa siku. Anayeweka akiba ya biashara ilhali ndoo zake za maji ni tupu atalazimika kuitoa kwa masharti ya mwenye nacho, na ndani ya siku chache itakuwa imekwisha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza, ambacho ningeomba msomaji asikiruke, ni kununua kile tu ambacho ungekitumia mwenyewe hadi mwisho iwapo dharura haitakuja kabisa.

Kipimo cha pili ni umbo la bidhaa. Katika kambi za wafungwa wa kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sigara zilizokuja ndani ya vifurushi vya Msalaba Mwekundu ziligeuka kuwa fedha, na nchini Ujerumani baada ya mwaka 1945 mambo yakawa hayohayo katika masoko ya magendo, hadi sarafu mpya ilipotolewa katika kanda za magharibi mwezi Juni 1948. Hata asiyevuta alizipokea, kwa kuwa alijua hatakosa mvutaji wa kumpelekea. Simshauri mtu ajaze tumbaku chumbani. Ninachotaka kionekane ni kwamba sigara ni ndogo, inahesabika, inafanana na mwenzake na inakaa mfukoni bila kuharibika upesi. Miaka hiyohiyo watu wa mijini walikwenda vijijini na mapambo, mazulia na mashuka mazuri ili wapate viazi. Mwenye pete ya dhahabu, akisimama mbele ya mkulima mwenye gunia moja, hana namna ya kurudishiwa chenji, wala hawezi kuikata pete vipande vipande. Ndiyo maana naiona dhahabu kuwa akiba ya kuanzia maisha upya baada ya dharura kupita. Dharura yenyewe inahitaji vitu vidogo ambavyo kila nyumba huvimaliza na kuvihitaji tena.

Vitu hivyo si vingi, na karibu vyote ni vya bei nafuu wakati maduka yamejaa. Sabuni ya kipande ndiyo ninayoitanguliza, kwa sababu inadumu miaka, ikikauka huwa ngumu na kuisha polepole zaidi, na maji yakiwa machache uchafu huleta maradhi kabla ya njaa. Moto unafuata. Viberiti vya njiti hugawanyika vizuri lakini unyevu huviua, hivyo vifungwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa; viberiti vya gesi hustahimili zaidi na kimoja huwasha mara nyingi sana. Betri za alkalini za ukubwa wa AA na AAA hukaa kati ya miaka 5 na 10 zikihifadhiwa mahali pakavu pasipo joto, ila zisiachwe ndani ya tochi au redio, kwa kuwa huvuja na kuharibu kifaa. Sindano, uzi, mishumaa, nyembe, kamba na misumari havihitaji maelezo marefu. Taulo za kike, kwa upande mwingine, husahaulika mno katika orodha zinazoandikwa na wanaume, na hilo ni kosa kubwa: ni hitaji la kila mwezi, ni nyepesi, na haziozi zikiwa kavu.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ipo inayooza, na mwekaji anapaswa kuijua kwa jina. Mafuta ya kupikia huchacha baada ya mwaka mmoja au miwili. Petroli ya kawaida huanza kuharibika baada ya miezi michache, na kuirundika ndani ya nyumba ni kuihatarisha familia kwa ajili ya faida ya baadaye, jambo ambalo siliungi mkono kamwe. Klorini ya majimaji ya kutibu maji nayo hupungua nguvu baada ya miezi 6 hivi, ingawa klorini ya unga hudumu zaidi. Chumvi na sukari, zikikingwa na unyevu na wadudu, haziharibiki.

Chumvi na sukari zina thamani nyingine inayozidi ile ya jikoni. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ni kinywaji cha kumrudishia maji mgonjwa wa kuharisha pale pakiti zilizotayarishwa zinapokosekana. Hapo ndipo ningeishia katika habari za dawa. Viuavijasumu visiwe bidhaa ya kubadilishana, kwa kuwa anayevipokea bila kupimwa anaweza kudhurika, na dawa ya mgonjwa wa nyumbani isitolewe kwa bei yoyote. Silaha na risasi pia ziachwe nje, maana unachomkabidhi mgeni leo anaweza kurudi nacho usiku.

Vifaa vya kazi vinahitaji fikra tofauti. Mashine ya kusaga ya mkono, cherehani isiyotumia umeme, tupa ya kunolea: ukikitoa kifaa chenyewe umelipwa mara moja, ukiuza kazi yake utalipwa kila siku na kifaa kitabaki kwako.

Kuhusu ufungaji, mfuko mkubwa wa chumvi ni mzigo. Ugawe katika pakiti za gramu 250 na 500, kila moja ikiwa na tarehe na uzito ulioandikwa, na uwe na mizani ndogo ambayo anayebadilishana nawe ataweza kuisoma mwenyewe. Nchini Argentina vilabu vya kubadilishana bidhaa vilivyoanza mwaka 1995 vilipanuka sana baada ya uchumi kuanguka mwaka 2001, kisha vikadhoofika haraka, na moja ya sababu ni kwamba hati zilizotumiwa kama malipo zilighushiwa. Basi pokea kitu unachoweza kukishika na kukipima. Mabadilishano yafanyike mbali na nyumba, ukiwa na mwenzako, ukibeba kiasi cha siku hiyo tu, na stoo isijulikane hata na watoto wa jirani.

Ununuzi wenyewe ufanywe polepole na mapema, kwa sababu anayekomba rafu baada ya hatari kutangazwa anamnyang'anya mzazi aliyekuja kutafuta mahitaji ya siku ile. Kila miezi 6 toa kilichokaribia mwisho, kitumie nyumbani, weka kipya. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua vipande kumi vya sabuni, andika tarehe juu ya boksi, na uliweke mbali na sakafu yenye unyevu.