Mboga za porini: osha kabla ya kukata

Ndugu zangu wa Kasese, Arua na kwingineko Uganda mnaochuma mnavu (nsugga), mgagani au mchicha wa porini msimu wa mvua, naomba mzingatie hili. Juu ya jani kuna viumbe. Kila sentimita moja ya mraba inaweza kubeba bakteria milioni 1 hadi 10, na wengi wao hawana ubaya wowote kwetu. Wapo hata wanaojilisha kwa methanoli (aina ya alkoholi) inayotolewa na jani lenyewe. Jambo hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Shida ni wageni: E. koli na salmonela, bakteria wanaoweza kuleta kuhara, wanaotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au watu. Mvua ikirusha tope, majani ya chini ndiyo huchafuka zaidi. Chuma ya juu, mbali na zizi na mtaro.

Osha majani yakiwa mazima, kwa maji safi yanayomiminika, ndipo ukate. Ukikata kwanza, bakteria hupenya kwenye majeraha na kujilisha utomvu. Hata hivyo maji hayawamalizi, maana wengine hujificha kwenye vitundu vya kupumulia vya jani na kando ya mishipa yake. Moto ndio unaowaua, kwa hiyo pika mpaka mchuzi uchemke na majani yote yalegee. Kama hupiki siku hiyohiyo, usifunge mboga mbichi yenye maji ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), kwani joto na unyevu huwazalisha bakteria upesi. Itandaze kwenye ungo, kivulini.