Kuunganisha objekti mzazi na mtoto kwa pointa katika C++

Kabla hujaandika pointa yoyote (kigezo kinachoshika anwani ya kitu kwenye kumbukumbu), jibu swali hili: nani anammiliki nani? Mmiliki ndiye anayewajibika kuifuta objekti kazi yake ikiisha. Kwenye mti wa objekti mimi nashikilia kanuni moja: mzazi anawamiliki watoto, mtoto anamjua mzazi tu. Hitilafu nyingi za kumbukumbu kwenye miundo ya namna hii huanzia pale ambapo swali hilo halikujibiwa.

Tutajenga folda zilizo ndani ya folda, kila moja iweze kutaja njia yake nzima kuanzia juu. Tumia kompaila inayokubali C++14 au toleo jipya zaidi, kwa kuwa std::make_unique iliingia hapo.

Hatua ya 1: tangaza klasi

```cpp
#include <iostream>
#include <memory>
#include <string>
#include <utility>
#include <vector>

class Folda {
public:
    explicit Folda(std::string j) : jina(std::move(j)) {}
    Folda(const Folda&) = delete;
    Folda& operator=(const Folda&) = delete;

    Folda& ongeza(std::string j);
    std::unique_ptr<Folda> toa(std::size_t i);
    std::string njia() const;

private:
    std::string jina;
    Folda* mzazi = nullptr;
    std::vector<std::unique_ptr<Folda>> watoto;
};
```

Watoto wameshikwa na unique_ptr, yaani pointa inayomiliki objekti na kuifuta yenyewe: mzazi akifutwa, watoto wanafutwa, kisha wajukuu, hadi chini kabisa, na huandiki delete hata mara moja. Kwa mzazi nimetumia pointa ya kawaida. Tangu C++11 ilete pointa janja kama unique_ptr mwaka 2011, wapo wanaoikwepa pointa ya kawaida kila mahali. Hakuna haja. Kwa kuonyesha bila kumiliki inafaa kabisa, mradi anayeonyeshwa asitangulie kufutwa, na hapa mtoto hawezi kubaki ndani ya mti baada ya mzazi kuondoka.

Kwa nini si std::vector<Folda> tu? Vekta ikijaa huhamishia vitu vyake sehemu nyingine ya kumbukumbu. Anwani ya folda inabadilika, lakini watoto wake wanaendelea kuelekeza kwenye anwani ya zamani. Ukitumia unique_ptr, zinazohama ni pointa peke yake. Folda zenyewe hazitoki zilipo. Kwa sababu hiyohiyo nimekataza kunakili, na kukataza huko kunazuia pia kuhamisha kwa std::move. Mistari hiyo miwili usiiache.

Hatua ya 2: unganisha pande zote mbili mahali pamoja

```cpp
Folda& Folda::ongeza(std::string j) {
    auto mtoto = std::make_unique<Folda>(std::move(j));
    mtoto->mzazi = this;
    watoto.push_back(std::move(mtoto));
    return *watoto.back();
}
```

Usitoe funksheni ya wazi ya kubadilisha mzazi peke yake. Siku moja mtu ataiita, na mtoto atamtaja mzazi ambaye hana habari naye.

Hatua ya 3: panda juu

```cpp
std::string Folda::njia() const {
    return mzazi ? mzazi->njia() + "/" + jina : jina;
}
```

Hatua ya 4: mtoe mtoto kwa usalama

```cpp
std::unique_ptr<Folda> Folda::toa(std::size_t i) {
    auto f = std::move(watoto.at(i));
    f->mzazi = nullptr;
    watoto.erase(watoto.begin() + i);
    return f;
}
```

Mstari wa nullptr (pointa isiyoelekeza popote) ndio unaosahaulika. Bila huo, aliyetolewa akiishi kuliko mzazi wake, njia() itasoma kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.

Na shared_ptr je, yaani pointa inayoruhusu wamiliki wengi, ikiwahesabu na kuifuta objekti hesabu ikifika sifuri? Ukiiweka pande zote mbili, mzazi anamshika mtoto na mtoto anamshika mzazi. Hesabu za wote wawili hazifiki sifuri, kwa hiyo hawafutwi kamwe. Kama kweli watoto lazima washikwe pia na sehemu nyingine za programu, mpe mtoto weak_ptr ya mzazi (pointa isiyomiliki wala kuhesabiwa), na kila unapomhitaji uite lock() kisha uangalie kama bado yupo. Nje ya hali hiyo sioni sababu ya kulipia gharama ya kuhesabu.

Hatua ya 5: jaribu

```cpp
int main() {
    Folda juu("nyaraka");
    auto& r = juu.ongeza("risiti");
    std::cout << r.ongeza("2024").njia() << "\n";
}
```

Inapaswa kuchapisha nyaraka/risiti/2024. Weka msimbo wote kwenye faili folda.cpp, kisha kompaili hivi (-fsanitize=address huongeza ukaguzi wa kumbukumbu programu inapoendeshwa):

```
g++ -std=c++14 -g -fsanitize=address folda.cpp
```

Kisha futa mstari wa nullptr makusudi, mtoe mtoto ndani ya mabano ambamo mzazi anaishia, na uite njia() nje ya mabano hayo. Programu itasimama palepale na kukuonyesha mstari uliogusa kumbukumbu isiyo halali.