Mkaja wa nyama: namna ninavyochagua mazoezi ya kiuno

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Cherehani yangu ni ya miguu, na Idi ikikaribia nakaa kitini kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane. Miaka minne iliyopita niliinama kuokota mkasi, kiuno kikanikamata pale pale, nikashindwa kuinuka. Kijana mmoja anayefundisha jimu aliniambia tumbo limelegea, akanipa sitapu 50 kila asubuhi, yaani kulala chali na kuinua kiwiliwili mpaka kukaa. Nikazifanya wiki tatu bila kukosa, na maumivu yakashuka mpaka kwenye tako.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyekwenda kumwona baadaye aliniuliza, "Mama, ukishona kutwa mgongo unakaaje?" Nikamwonyesha: umepinda. "Na sitapu inaufanyaje?" Inaupinda tena, mara 50.

Swali hilo ndilo ninaloanza nalo mpaka leo kabla ya kumpa mtu zoezi. Tuko wanawake sita, tunatandika mikeka nyuma ya duka baada ya swala ya alfajiri. Mafundi wawili, muuza samaki, na wengine ni mama wa nyumbani. Kila mmoja ana mgongo wake na kazi yake, kwa hiyo hatufanyi wote zoezi moja.

Ukisikia mazoezi ya tumbo usifikirie ile misuli ya mbele inayoonekana kwa wachezaji mpira. Chini yake upo msuli mpana unaozunguka kutoka mgongoni hadi mbele, kama mkaja anaofungwa mzazi. Juu yake kipo kiwambo tunachopumulia, chini ipo misuli ya sakafu ya nyonga inayozuia mkojo, na nyuma vipo vijisuli vifupi vinavyoshika pingili za uti wa mgongo moja kwa nyingine. Kazi yao kubwa ni kuzuia. Mkono unanyanyua ndoo, mguu unakanyaga cherehani, na wao wanahakikisha kiuno hakiyumbi. Basi chagua zoezi ambalo mikono na miguu inahangaika huku kiuno kimetulia.

Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alitumia miaka mingi kupima mzigo unaouelemea uti wa mgongo, na mazoezi matatu anayojulikana nayo hayaukunji mgongo hata moja. Mawili kati ya hayo ndiyo tunayoanza nayo sisi.

La kwanza tunaliita Meza. Piga magoti, viganja chini ya mabega, mgongo umenyooka. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, shikilia sekunde 10, rudi. Fanya mara sita kila upande, pumzika, kisha mara nne, kisha mbili. Linaonekana jepesi mpaka uwekewe rula. Naichukua ile rula yangu ya mbao ya kukatia nguo, naiweka mkingamo juu ya kiuno cha mtu. Ikiteleza, kiuno kimezunguka, na zoezi hilo bado ni kubwa kwake. Anyooshe mguu peke yake, mkono ubaki chini. Muuza samaki wetu alikaa wiki mbili na mguu tu, na sasa rula haitikisiki.

La pili ni Ubavu. Lala kwa upande, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa, nyanyua nyonga hadi mwili unyooke kutoka bega mpaka goti. Sekunde 10, na idadi ile ile. Ukiwa imara ndipo unanyoosha miguu. Kama bega linauma, liache zoezi hili, fanya la ndoo ninaloeleza mbele.

La tatu ni Mende: umelala chali kama mende aliyepinduka, mikono juu, magoti yamekunjwa hewani. Shusha kisigino kimoja na mkono wa upande wa pili polepole, rudisha. Tunapitisha kanga chini ya kiuno na mwenzako anaivuta taratibu. Ikitoka kirahisi, mgongo umenyanyuka. Punguza: shusha kisigino tu, au ukiburute mkekani.

Planki, yaani kujishikilia kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka, ni nzuri, ila sipendi mashindano ya dakika tatu. Hata Jeshi la nchi kavu la Marekani, lililopima askari wake kwa sitapu tangu miaka ya 1980, liliweka planki kwenye mtihani wake mpya mwaka 2022. Lakini sisi hatuendi vitani. Sekunde 10 mara sita, kiuno kisibonyee, inatosha kabisa.

Katika yote hesabu kwa sauti. Ukishindwa kutamka namba umebana pumzi, na zoezi limekuzidi.

Aliyejifungua karibuni asubiri ruhusa ya mkunga. Hata akiruhusiwa, alale chali na anyanyue kichwa kidogo huku akitazama tumbo. Ukitokea mwinuko katikati, kutoka kifuani kushuka kitovuni, misuli ya mbele imeachana. Hapo sitapu na planki ziwekwe kando, aanze na Mende ya kuburuta kisigino, akitoa pumzi kila anaponyoosha. Nasema hili kwa uchungu, maana niliona shoga yangu akihimizwa kufanya sitapu ili apunguze tumbo wiki chache tu baada ya uzazi, na mkojo ukawa unamponyoka kila akikohoa.

Maumivu yakishuka chini ya goti, simamisha. Ganzi katikati ya mapaja, mguu kulegea au mkojo kukataa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na ndoo. Tumezoea kubeba kichwani, lakini jaribu kuibeba kwa mkono mmoja: lita tano, hatua 20, bila kuegemea upande wowote, kisha badilisha mkono. Misuli ya ubavu wa pili ndiyo inayokuzuia usipinde, na utaisikia. Mimi nilianza na lita tano, sasa nabeba 10, yaani kilo 10. Kila wiki mbili naongeza lita moja, na nikiona bega limeanza kushuka narudisha maji kwenye pipa.